Tone Jekundu Juu ya Lehemu

Sifa, mama,

Ninaandika nikiwa mezani pangu pa kazi, saa tisa mchana, mvua imewazuia wateja. Wewe uko nyumbani unakunja nguo pamoja na mama yako. Ninavyomjua, ameshakuambia mara tatu uchemshe maji ya kunywa na usikae karibu na injini ya mashua, ile baleinière, kwa hiyo hayo siyarudii. Kesho asubuhi utavuka mto kwenda Lubunga, utapanda pikipiki hadi Ubundu, kisha utapanda tena mto hadi Kindu kwa shangazi yako, ukauze naye vitenge. Safari yenyewe sina neno nayo. Neno langu ni juu ya sababu ya safari.

Unaondoka kwenye kazi hii kwa kuwa unaamini mikono yako ilimuunguza mtu. Chicha ile ya Dieumerci, ile ya kuvuta mvuke, niliilehemu mimi.

Nimeiweka sentensi hiyo hapo juu makusudi, nisipate nafasi ya kuizungukazunguka. Ukitaka kuacha kusoma hapa, barua imeshafanya kazi yake. Ukiendelea, nitakueleza kama ninavyomweleza mteja aliyeleta redio iliyokufa: ilivyokuwa ikifanya kazi, na mahali ilipokatika.

Nianze na Kindu, kwa vile ndiko uendako. Huko ndiko nilikojifunza kushika chuma cha kulehemu, kwa tonton Assani, kaka wa baba yangu, aliyekuwa na kibanda cha redio karibu na kituo cha gari la moshi. Shangazi yako atakuonyesha mahali hapo, siku hizi panauzwa sabuni. Tonton alikuwa na sheria moja tu, na alikuwa akiisema huku akitafuna: vuta kabla hujafunga. Ukishalehemu waya, uache upoe, kisha uuvute kwa vidole viwili. Ukibaki, funga redio. Ukitoka, shukuru Mungu kwamba umetoka mkononi mwako na si mkononi mwa mwenye redio.

Siku moja nilifunga redio ya katekista bila kuvuta. Nilikuwa na haraka ya kwenda kucheza mpira. Ilirudi baada ya juma moja, imetoa moshi na kuchafua ukuta wa nyumba yake. Tonton akauliza imekuwaje. Nikasema ni radi. Katekista akasema kweli, juzi radi ilipiga karibu na kanisa. Nikapona. Tangu siku hiyo, mama, nilipata mwanafunzi mtundu kuliko wote, jina lake Radi. Kila kilichorudi kimeungua alikuwa amekigusa yeye. Nilipohamia Kisangani na kumwoa mama yako nilikuja naye, na hapa kwetu ngurumo hazina likizo, kwa hiyo alipata kazi nyingi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na kona nyingi, nikaenda nayo miaka zaidi ya ishirini.

Kisha ukaja mezani wewe.

Unakumbuka ulivyoanza. Ulikuwa umemaliza shule, umechoka kukaa nyumbani, ukaja kunishikia tochi. Baada ya mwezi nikawa mimi ninayekushikia tochi wewe. Unyevu wa mji huu unakula lehemu, kwa hiyo nilikuwa nikidondoshea kila kiungo tone la rangi ya kucha ya mama yako, ile nyekundu. Siku moja ukarudi kutoka sokoni na chupa yako, ya waridi, ukaiweka mezani kama mtu anayeweka kiti chake.

"Papa," ukasema, "kila mutu na rangi yake. Kitu ikirudia, tutajua ni ya nani."

Nilicheka. Lakini majirani wote wa meza waliipenda sheria yako. Mama Béa, anayeuza kwanga za muhogo hapa pembeni, alikuwa akiwaambia wateja wake: kwa Papa Fundi, nyekundu ni ya baba na waridi ni ya mutoto. Kulikuwa na kifungu cha pili cha sheria hiyo, nacho ulikitunga wewe pia: anayefungua kazi ya mwenzake amwambie. Nilikubali kwa kichwa, huku nikitafuta kibanio.

Halafu zikaja chicha za mfukoni, ambazo mama yako hadi leo anaziita birika za kuvuta, kwa vile zinachemsha maji matamu na kutoa mvuke. Nzima hazikufika kwetu kwa bei ya vijana wetu. Vilikuja vichwa tu, vile vichwa vidogo vya kufungwa kwa skrubu, vinavyochemsha maji yenyewe, ndani ya mifuko ya wafanyabiashara waliotoka Bunia, na vijana wakatuomba tuvitafutie mwili. Tukatumia tochi zilizokufa na betri za kompyuta kuukuu. Mimi niliona ni mchezo. Wewe ulikaa na kichwa kimoja siku nzima, ukakigeuza chini ya lenzi, na jioni ukanieleza jambo ambalo sikulijua. Kichwa kile kina sehemu mbili, pete ya nje na pini ya katikati, na kati yao kuna plastiki nyembamba ya kuzitenganisha. Ukiiweka pini motoni muda mrefu, plastiki inalainika, pini inaegemea pete, na betri inajitafuna yenyewe.

"Inaogopa moto, papa. Paka lehemu kwa waya kwanza, paka kwa pini, halafu uguse. Moko, mibale, utoe."

Ulihesabu moja, mbili kwa Kilingala ukilehemu, sijui kwa nini. Nilipenda kukusikiliza, ingawa sikuwahi kukuambia.

Sasa nifike kwenye macho yangu. Kwa muda wa mwaka mmoja hivi nilikuwa sioni tena ncha ya chuma. Niliona mwanga, niliona moshi, na baina ya hivyo viwili nilikuwa nikikisia. Redio hazikunisaliti, kwani viungo vyake ni vinene na vinasamehe. Ulijua, nafikiri. Ulikuwa ukizisogeza kazi ndogo upande wako wa meza bila kusema kitu, na mimi nilijifanya sioni, jambo ambalo wakati huo halikuhitaji kujifanya sana. Fundi asiyeona atakuwa fundi wa nini? Ndivyo nilivyowaza. Miwani ilikuwa inauzwa hatua arobaini kutoka hapa, imetundikwa kwenye ubao, na nilikuwa nikipita mbele yake kila siku nikitazama upande wa pili.

Juma lile ulitengeneza chicha tano, zote ndani ya tochi za aina moja. Ya Dieumerci ilikuwa mojawapo. Jumamosi wewe ulikwenda mazoezi ya kwaya, yeye akaja kuichukua. Alisimamisha baiskeli yake ya toleka, ile yenye kiti chekundu cha abiria na maandishi ya Mungu nyuma, akaigeuza chicha, akafumba jicho moja.

"Papa Fundi, kichwa yake iko inapinda kidogo."

Kilikuwa kimepinda kweli, kama unene wa ukucha. Ulikuwa umeshaniambia kwa nini: kukinyoosha kungehitaji moto ambao pini isingeuvumilia, na kupinda hakumdhuru mtu. Ningemwambia hivyo. Nikamwambia apeleke abiria wake mmoja kisha arudi.

Nikaifungua. Nikaiona lehemu yako, kwa lenzi. Ndogo, laini, imekaa vizuri juu ya pini na tone la waridi juu yake. Ilikuwa nzuri kuliko yoyote niliyowahi kufanya kwenye kitu kidogo hivyo. Nakuambia nilichohisi, kwa sababu ndiyo sehemu iliyokatika: sikuhisi fahari. Nilihisi kama mtu aliyekuta mwingine ameketi kwenye kiti chake. Nikaikwangua rangi yako, nikaiyeyusha lehemu yako, nikakinyoosha kichwa, nikaanza upya.

Moko, mibale ilipita. Mikono yote miwili ilikuwa na kazi, lenzi iko mezani, sikuona kama imeshika. Nikaendelea kushikilia chuma. Nilifika saba au nane. Ikaja harufu ya plastiki, harufu ambayo hakuna fundi asiyeijua. Nikatoa chuma. Pini ikawa inacheza kidogo, kama jino la mtoto. Sikuuvuta waya, maana nilijua ungetoka. Nilichukua chupa yangu nyekundu nikadondosha tone kubwa, kubwa mno, ili rangi ishike kile ambacho lehemu haikushika. Ilipokauka haikucheza tena. Nikafunga.

Dieumerci akarudi, akavuta, akatoa wingu jeupe, akacheka.

"Papa Fundi, weye uko docteur!"

Nikamwambia nimeinyoosha tu, kwa nje. Wewe sikukuambia kitu, si jioni ile, si Jumapili.

Jumatatu unaijua. Alikuwa amempakia mwanamke mwenye unga wa muhogo, chicha imo mfukoni, rangi ikalainika, pini ikaegemea pete, betri ikawaka. Wakaanguka wote wawili barabarani. Yule mama aliumia goti na unga wake ukamwagika. Dieumerci aliungua paja, nyama kabisa, upande wa ndani, pale ambapo mtu wa toleka anahitaji paja lake kila mara anapokanyaga pedali. Kaka yake ndiye aliyeileta tochi iliyoungua, akaitupa juu ya meza katikati ya watu.

"Nani alitengeneza hii kitu? Aseme!"

Nilikwenda nayo nyuma ya kibanda, nikaifungua peke yangu. Masizi mengi. Nikafuta kwa kidole gumba, na chini ya masizi ilikuwapo, imekunjamana pembeni lakini nyekundu kabisa. Nilisimama pale kwa muda usiotosha hata kunywa maji. Chicha inakaa mfukoni, huwezi kusema radi imeingia mfukoni. Nilimtafuta mtu mwingine wa kuchukua nafasi ya radi, na wewe ulikuwa umesimama upande wa pili wa ukuta wa mbao.

Nikatoka nikasema: "Rangi imeungua, haijulikani. Lakini za juma ile zote zilikuwa za Sifa."

Hukuomba kuona. Ulitazama vidole vyako.

"Ni mie," ukasema. "Kichwa ilikuwa inapinda. Nilipashwa kuiacha bila kutengeneza."

Uliniamini kwa sababu hukuwa umewahi kupata sababu ya kutoniamini. Niliogopa, mama. Kulikuwa na watu wanne pale, mmoja wao fundi wa meza ya pili, na niliona wazi jinsi kesho yake mji mzima ungesema Papa Fundi haoni tena. Nilikuwa ninaiokoa meza, nikajiambia, na meza inakulisha wewe pia. Hoja ilikuwa nzuri. Ilishika siku ile moja tu, na tangu hapo nimeishi miezi minane bila hoja yoyote, kwa mazoea tu.

Katika miezi hiyo nimekutazama. Uliacha kulehemu. Ulianza kuuza waya za kuchajia na kuniachia mengine, hata redio zile zinazosamehe. Nilikuona siku moja umeshika chuma, ukakirudisha polepole ukasema umeme ni mdogo. Umeme ulikuwapo. Kila Jumapili ulivuka kwenda Lubunga na sufuria ya lituma, ndizi za kuponda, na samaki, ukamsafisha Dieumerci kidonda kwa maji ya chumvi na asali, ukarudi na mtumbwi wa jioni. Mama yako alikuwa akipika lituma nyingi ili ibaki ya nyumbani. Niliila. Ilikuwa tamu. Hilo nalo nalikiri, kwa sababu nikilificha utafikiri nilikuwa nikilala njaa kwa uchungu, na haikuwa hivyo. Nilikula, nikalala. Mtu anaweza kuishi na jambo la namna hii, na hilo ndilo lililonitisha nilipoligundua.

Ulipotangaza kwamba unakwenda Kindu, mama yako alilia, mimi nikasema vitenge vina faida. Usiku huo ulimwambia mama yako jambo, na ukuta wetu si wa matofali. Ulisema: "Mama, mikono yangu haiko muzuri. Afazali nipime vitambaa. Kitambaa haiunguzake mutu."

Siku ya pili nilinunua miwani. Fundi wa haraka, sivyo? Niliikuta pale pale kwenye ubao.

Jana nilivuka kwenda Lubunga. Uliniuliza ninakwenda wapi nikasema kutafuta betri. Dieumerci alikuwa nje akitia mafuta mnyororo wa baiskeli. Anaendesha tena, taratibu, na bado anakalia upande mmoja. Nilimwambia kila kitu nikiwa nimesimama, kwa kuwa hakuwa amenipa kiti. Alisikiliza bila kuacha kuzungusha pedali kwa mkono. Nilipomaliza alifuta vidole.

"Papa," akasema, "ile siku za kwanza kidonda ilikuwa inanuka. Hata ndugu yangu alikuwa anageuza uso. Yule mutoto alikuwa anaisukula na maji ya chumvi, analia chini chini, anasema pardon, pardon. Mie nilikuwa namwambia achana. Donc alikuwa analilia kazi yako?"

Nikasema ndiyo.

"Alors, miye umeniambia. Lakini mutu wa kuambia haiko miye."

Akarudi kwenye mnyororo wake. Nilisubiri kidogo, nikidhani ataongeza tusi au msamaha, chochote cha kubeba. Aliongeza mafuta tu. Nilipofika kando ya mto akanifuata na baiskeli, akauliza unavuka saa ngapi kesho. Nimemwambia. Atakuwa ng'ambo akikusubiri, atakubeba wewe na begi lako hadi kwenye pikipiki za Ubundu. Alisema mimi nibaki upande huu.

Kwa hiyo sitakuvusha. Nilitaka ujue kwamba si kwa kutokukupenda. Nakupenda sana, na nina aibu, na hivi viwili vimekaa pamoja kifuani hadi sijui kipi kinapumua.

Sikuandikii ili uvunje safari. Vitenge ni kazi, na shangazi yako ni mwanamke wa kucheka naye. Ukivipenda, kaa navyo. Ninachokataa ni uvichague kwa kuukimbia moto ambao haukuuwasha. Mikono yako haijamuunguza mtu yeyote, Sifa. Kazi yako niliivunja ikiwa nzima. Na kama utanikasirikia, nikasirikie kwa muda unaoutaka. Mimi nilipewa miezi minane ya kukuambia, wewe hudaiwi haraka yoyote.

Kuna jambo moja nililifanya leo kabla mvua haijaanza. Kile kichwa cha chicha sikukitupa. Nilikuwa nimekificha kwenye kopo la maziwa ya unga, chini ya skrubu. Nilifikiri kukutilia begini pamoja na barua hii, kisha nikaona huo ungekuwa tena ujanja wangu, kuupeleka ukweli Kindu wakati uongo niliusemea hapa. Nikakisafisha masizi kwa pombe kidogo, nikakifunga waya, nikakitundika kwenye msumari juu ya meza, pale mteja anapotazama akisubiri.

Mama Béa ndiye aliyekiona wa kwanza. Alikuja kujikinga na mvua, beseni lake la kwanga kichwani.

"Papa Fundi, ile kitu unatundika iko nini?"

"Ni kichwa ya chicha ya Dieumerci."

Akalishusha beseni. Akasogea karibu, akakigeuza kwa kidole, akakaa nacho muda mrefu.

"Lakini hii rangi haikuungua."

"Haikuungua."

"Iko nyekundu."

"Iko nyekundu."

"Na mutoto anajua?"

Nikamwambia ninaketi sasa hivi kukuandikia. Akachukua beseni lake, akarudi kukaa upande wake, mvua ikimpiga miguuni. Fundi wa meza ya pili alikuwa amesikia yote. Ameshakwenda kuwaambia wengine, namwona kutoka hapa, anasimama kwenye kila kibanda.

Chuma chako cha kulehemu nimekiacha mahali pake. Ni chako, kiko hapa, hakina mtu mwingine wa kukishika. Ila chupa yako ya waridi nitaitia begini mwako jioni pamoja na barua hii, ndani ya soksi nyeupe. Nimeitikisa. Haijakauka.

Papa yako